Tukilipa, Tupeni na Funguo: Barua ya Wazi kwa Wenye Maduka ya Gemu za Kompyuta Mtandaoni

Kwa wakuu wa maduka ya gemu za kompyuta mtandaoni, na kwa kampuni zinazowaletea gemu hizo mziuze.

YAH: GEMU TULIZOLIPIA TUKASHINDWA KUZIFUNGUA

Ndugu wakuu, salaam.

Nawaandikia kutoka Ngamiani, Tanga. Mimi ni fundi wa kompyuta. Mchana natengeneza laptopu zilizomwagikiwa chai na printa za steshenari zilizogoma. Usiku, nikishafunga, nacheza gemu na mdogo wangu aliye kidato cha tatu. Tangu mwaka 2021 gemu zetu zote nanunua kwenu kwa fedha halali, na mpaka leo tunazo 37.

Idadi hiyo naitaja ili mjue mnaongea na nani. Mtaani kwangu anayenunua gemu ya kompyuta huonekana mtu wa ajabu. Kila wiki analetwa kijana, au anakuja mwenyewe, ameshika diski ya nje mkononi: "Fundi, niwekee gemu." Maana yake nimnakilie gemu zilizovunjwa kufuli la kidijitali linalozuia zisinakiliwe, hamsini kwa mpigo, kwa bei ya chipsi na soda. Na mimi niliifanya kazi hiyo miaka mingi. Niliiacha kwa sababu mdogo wangu alianza kuniambia anataka kuja kutengeneza gemu, nikaona siwezi kumfundisha kuiba kazi ya watu ambao yeye mwenyewe anataka kuwa kama wao. Tukafungua akaunti, na gemu ya kwanza tukainunua siku ya punguzo kwa dola 7 na senti kadhaa. Alisoma majina ya watengenezaji mwishoni mpaka yakaisha yote.

Kwa hiyo barua hii haitoki kwa mtu anayetafuta vya bure.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika huko kusini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Intaneti ya Tanzania, Kenya, Uganda na majirani wengine ikazorota kwa siku kadhaa. Kwa hilo siwalaumu hata kidogo. Mkongo ukikatika chini ya bahari, aliyeko ofisini hana la kufanya. Jioni ile mdogo wangu aliwasha kompyuta afungue gemu yake ya kujenga reli. Ni gemu ya mtu mmoja. Haina mpinzani wa upande wa pili, haina soko, haina kitu chochote kinachohitaji seva, yaani kompyuta za kampuni zilizoko mbali. Mafaili yake yote, GB 48, yalikuwa ndani ya diski yetu. Niliyashusha mimi kwa mabando ya usiku, siku sita mfululizo, naamka saa nane kuangalia kama yamekwama.

Alama ya kusubiri ikaanza kuzunguka. Ikazunguka mpaka mita ya luku ikaanza kulia kwamba uniti zinakaribia kwisha. Ndipo ukaja ujumbe kwamba duka limeshindwa kuthibitisha kuwa gemu ni yetu, tujaribu tena tukiwa na mtandao. Mdogo wangu akanigeukia: "Kaka, si tulishailipia?"

Jibu la kifundi nilikuwa nalo. Najua kwamba kucheza bila mtandao kunataka ujiandae ukiwa bado na mtandao, na najua programu ya duka ilikuwa imetutoa kwenye akaunti asubuhi ile ilipokuwa ikijisasisha. Lakini yeye hakuniuliza habari za programu. Aliuliza kama tumelipa, na kama tumelipa, mbona tunazuiwa mlangoni. Sikuwa na la kumwambia.

Siku tatu baadaye jirani akaniwashia hotspoti ya laini ya kampuni nyingine iliyokuwa na nafuu. Nikaingia. Duka likaona mtu anaingia kwa njia isiyo ya kawaida, likafunga akaunti yote. Hapo pia naelewa, kwa sababu wezi wa akaunti wapo, na ni heri mlango ufungwe kuliko kuibiwa. Namba za uthibitisho zilipokuja kwenye barua pepe nikaziandika. Haikutosha. Wakataka tarakimu za mwisho za kadi niliyolipia mara ya kwanza kabisa.

Hapa nawaomba msome taratibu, maana nadhani wengi wenu hamjui wateja wa huku tunalipaje. Ile kadi haikuwa ya plastiki. Ni namba zinazotengenezwa ndani ya simu na kampuni ya simu: unahamisha fedha kutoka kwenye pochi yako ya simu, unapewa namba za kadi, unalipa, na muda wake ukiisha namba zinafutika unapewa nyingine. Kadi ya 2021 haipo tena popote duniani, si kwangu wala kwenye droo ya benki. Kuniuliza namba zake mwaka 2024 ni sawa na kuniuliza namba ya noti niliyonunulia mkate. Nikawatumia nilichokuwa nacho: meseji za makato, stakabadhi zenu wenyewe mlizonitumia kwa barua pepe, picha ya kioo yenye orodha ya gemu zote. Likarudi jibu la mashine. Nikajibu, likarudi lilelile, neno kwa neno, na "Mpendwa Mteja" yake. Mara ya tatu vilevile. Nikapigwa danadana siku kumi na tisa, na muda wote huo gemu 37 zimefungwa nami sina mtu wa kumpigia simu wala kaunta ya kuegemea. Siku ya kumi na tisa mtu mmoja, mtu kweli, akaandika mistari miwili na akaunti ikafunguka. Duka lenyewe silitaji, kwa sababu nimeshasikia kisa kama hiki kutoka kwa wateja wa maduka mengine pia, na barua hii ni yenu nyote.

Mwezi ule ule wa Mei wenzangu walipata makubwa zaidi, nayo dunia nzima iliyaona. Helldivers 2, gemu ya studio ya Arrowhead ya Sweden iliyochapishwa na Sony, ilitoka tarehe 8 Februari 2024 na iliuzwa kwenye kompyuta nchi nyingi, zikiwamo za kwetu. Watu walilipa dola 40, wakacheza karibu miezi mitatu. Tarehe 3 Mei Sony ikatangaza kwamba kila mchezaji wa kompyuta lazima aunganishe akaunti ya PlayStation Network, mtandao wa Sony wenyewe wa wachezaji. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi zinazoruhusiwa kufungua akaunti hiyo. Kenya haimo. Uganda haimo. Mtu alikuwa ameshauziwa kitu, ameshakitumia, halafu anaambiwa alete kitambulisho ambacho muuzaji mwenyewe hakitoi nchini kwake. Gemu ikaondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170. Wachezaji wa kila bara wakaijaza maoni mabaya kwa mamia ya maelfu, na ndani ya siku chache Sony ikarudi nyuma kuhusu sharti lile.

Nawashukuru wale wa Ulaya na Marekani waliopiga kelele ingawa wao walikuwa na nchi zinazotambulika. Lakini angalieni kilichofuata. Wiki hiyo hiyo Ghost of Tsushima, ambayo kwa sehemu yake kubwa ni gemu ya mtu mmoja na haihitaji akaunti ya PlayStation kuicheza hivyo, ikaondolewa katika nchi zilezile hata kabla haijatoka, na walioagiza mapema wakarudishiwa fedha. Januari 2025 Sony ikatangaza kulegeza sharti la akaunti kwa baadhi ya gemu zake za kompyuta. Nzuri. Ila mtu akitaka kujua kwa nini vijana wengi wa huku wamejiandikisha kuwa wakazi wa Afrika Kusini au Uingereza, sababu ndiyo hiyo. Wamelazimika kudanganya anwani ili wanunue kihalali, na kwa uongo huo huo kila mmoja anajua kwamba siku yoyote akaunti inaweza kufungwa na mkataba ukawa upande wenu.

Mkataba! Hilo ndilo hasa lililonifanya nikae kuandika. Kwenye kitufe mnaandika "Nunua". Kwenye mkataba mnaandika kwamba hatukununua, tumepewa leseni, yaani ruhusa ya kutumia tu. Jimbo la California limeliona hili: sheria iliyosainiwa Septemba 2024 na kuanza tarehe 1 Januari 2025 inakataza kumwambia mteja "nunua" kwa bidhaa ya kidijitali bila kumweleza waziwazi kwamba anachopata ni leseni. Steam, duka kubwa la gemu za kompyuta, ikaweka maelezo hayo kwenye ukurasa wa malipo hata kabla sheria haijaanza. Na sheria yenyewe ina kipengele ambacho nakipenda kuliko vyote: haimgusi muuzaji anayempa mteja faili la kushusha na kubaki nalo milele, bila kuhitaji mtandao. Yaani walioitunga walijua tofauti ya kuuza na kukodisha iko wapi. Iko kwenye lile faili.

Kwetu kuuziwa mbuzi kwenye gunia ni aibu ya muuzaji. Sokoni Mgandini mtu akikuuzia feni halafu mwakani aje nyumbani kwako aichukue, aseme kiwanda kimeacha kuitengeneza, mtaa mzima utatoka nje. Kwenye gemu jambo hili limeshafanyika. The Crew, gemu ya magari ya Ubisoft, ilitoka Desemba 2014. Tarehe 31 Machi 2024 seva zake zilizimwa, na kwa kuwa ilikuwa haifunguki bila seva, hata aliyekuwa anaendesha peke yake barabarani usiku akawa hana gari wala barabara. Kisha leseni zenyewe zikaanza kuondolewa kwenye akaunti za watu waliolipa. Kutokana na kisa hicho Ross Scott, mtengeneza video za gemu mtandaoni, alianzisha kampeni ya Stop Killing Games, na kufikia Julai 2025 ombi lao kwa Umoja wa Ulaya lilikuwa limepita saini milioni moja. Hawaombi seva ziendeshwe milele kwa hasara. Wanaomba gemu ikistaafishwa iachwe katika hali ya kuchezeka. Hilo linawezekana, maana mwaka 2024 Ubisoft yenyewe iliahidi njia ya kucheza bila mtandao kwa gemu zilizofuata, The Crew 2 na The Crew Motorfest.

Najua mtasema kufuli lipo kwa ajili ya wezi. Nimeishi upande huo, niwaambie ninachokijua. Kijana aliyewekewa gemu ya wizi hakuhisi chochote tarehe 12 Mei. Yake ilifunguka. Mkongo ulikatika, yeye akaendelea kucheza. Akaunti yake haikufungwa kwa sababu hana. Hakuna aliyemuuliza kadi ya 2021. Aliyeumia ni yule aliyelipa. Gabe Newell wa Valve, kampuni yenye duka la Steam, alisema tangu mwaka 2011 kwamba uharamia mara nyingi ni tatizo la huduma kuliko bei. Huku bei nayo ni tatizo, nitafika hapo, lakini kwenye huduma alisema kweli tupu. Mimi nimewahi kumshawishi mteja aache gemu za kunakili anunue, akaniuliza mbele ya watu, "Fundi, yako iliyofungwa wiki tatu na yangu hii, ipi ni bora?"

Na kufuli si sharti la biashara kushamiri. Duka la GOG, lililoanzishwa na kampuni ya CD Projekt ya Poland, lipo tangu 2008 na linauza gemu bila kufuli: unalipa, unashusha faili la kusakinishia, unaliweka kwenye diski yako, na hata duka likifungwa kesho gemu inabaki kwako. The Witcher 3 ya CD Projekt hao hao imeuzwa hivyo tangu siku ilipotoka mwaka 2015, na kwa jumla ya majukwaa yote imepita nakala milioni 50. Baldur's Gate 3, ambayo inataka nafasi ya GB 150 na ilibeba tuzo kubwa za mwaka 2023, ipo pale pia, bila kufuli. Mtu anayesema haiwezekani kuuza gemu kubwa bila kufuli aanze na hizo mbili.

Kwa mtu wa bando, faili la kusakinishia ni zaidi ya urahisi. Mteja wa Stockholm gemu ikimgomea anaifuta, anaishusha tena wakati maji ya chai yanachemka. Mimi kushusha tena GB 48 ni usiku sita mwingine na fedha ya bando nyingine. Kila duka linaponilazimisha kushusha upya kwa kuwa nimebadilisha diski au kompyuta, nailipia gemu mara ya pili, ila malipo yale yanakwenda kwa kampuni ya simu. Pale dukani kwangu nina diski nyekundu ya TB 2, nimeiandika kwa kalamu ya wino mzito "ZILIZOLIPIWA". Zimo kumi na moja tu, zile zilizouzwa na faili lake. Nyingine 26 haziwezi kuingia humo zikafaa kitu.

Kuhusu seva zenu kuelemewa, sina neno kubwa. Tarehe 4 Septemba 2025 gemu ya Hollow Knight: Silksong ilipotoka, maduka kadhaa makubwa yalizidiwa na wanunuzi kwa saa kadhaa. Tulisubiri, tukapata. Foleni ya namna hiyo haimuumizi mtu.

Bei, sasa. Afrika Kusini ina bei kwa randi kwenye Steam. Uturuki na Argentina zilipoondolewa sarafu zao Novemba 2023 ziliwekewa angalau kundi la bei la ukanda wao, ingawa kwa dola. Sisi tunalipa dola ileile ya Mmarekani. Gemu ya dola 70 katikati ya mwaka 2024, dola ikiwa karibu shilingi 2,600, ilikuwa kama shilingi 182,000, kabla ya makato ya kadi. Kuna walimu na askari mgambo wanaokuja kwangu wakiwa na hamu ya kweli ya kununua; wakipigiwa hesabu hiyo wanacheka, wanatoa diski. Bado sisemi tupewe bure. Nasema muipange bei ya Afrika Mashariki kwa kuangalia mifuko ya Afrika Mashariki, kama mlivyofanya kwa wengine, kisha muhesabu mauzo baada ya mwaka.

Liko na jambo la mirathi, nalo nalisema kwa ufupi kwa kuwa linanisumbua. Mwaka 2024 ilijulikana wazi kwamba akaunti ya Steam hairithishwi kwa wosia. GOG wakasema wao watajaribu kusaidia kukiwa na amri ya mahakama. Kwetu mtu akifa hata redio yake ina mrithi, na watu hukaa kikao kuigawa. Nikiondoka leo mdogo wangu ataambiwa na mkataba kwamba gemu tulizocheza pamoja hazikuwa zangu kumwachia.

Basi ninayoomba ni haya. Gemu ya mtu mmoja ifunguke bila kuuliza mtandao, leo, kesho, na siku mkongo umekatika. Kila gemu ambayo mtengenezaji wake amekubali, mtupe faili la kusakinishia tubaki nalo, na ambaye hajakubali, andikeni hivyo karibu na bei, kwa herufi za ukubwa wa bei. Msituuzie kitu kinachodai akaunti ambayo nchi yetu hairuhusiwi kuwa nayo. Mnajua tulipo, kwa sababu mnajua kutukata kwa dola. Ushahidi wa umiliki ujumuishe meseji na stakabadhi za malipo ya simu, maana mamilioni ya watu huku hawana kadi nyingine. Na akaunti ikifungwa, mtu asome malalamiko ndani ya siku tatu, aandike jina lake chini ya jibu.

Kati ya hayo, la faili ndilo ninaloling'ang'ania. Mkinipa hilo, mengine nitayasubiri kwa subira.

Jumamosi hii kuna baba anakuja na kompyuta aliyomnunulia bintiye aliyefaulu darasa la saba. Ameshanipigia simu mara mbili. Hataki gemu za wizi, amesema hivyo kwa kinywa chake, anataka mtoto aanze vizuri, na ameweka shilingi 60,000 pembeni. Ataniuliza azinunue wapi, na ataniuliza kama zitakuwa za mtoto kweli. Kwa sasa kuna duka moja tu ninaloweza kumtajia bila kusita. Nawaomba mnipe sababu ya kumtajia na yenu.

Wenu,
Fundi wa kompyuta, Ngamiani, Tanga